Vyombo Vilivyoachwa Nje: Kiswahili na Historia ya Mafunzo ya Kujiokoa Majini

Tarehe 7 Julai 1978, jijini London, mataifa yaliyokutana chini ya shirika ambalo tangu 1982 huitwa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) yalipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji wa Vyeti na Ushikaji Zamu kwa Mabaharia. Mkataba huo, unaojulikana zaidi kwa herufi zake STCW, ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 1984. Ndio uliokuwa wa kwanza kuweka kiwango kimoja cha chini cha elimu ya baharia kwa dunia nzima. Kabla yake kila nchi iliwafunza watu wake ilivyopenda, au haikuwafunza kabisa. Wapenzi wa lugha watatambua kwamba tarehe hiyo hiyo ya 7 Julai ndiyo iliyoteuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni sadfa tupu. Mkataba na lugha vimegawana siku moja ya kalenda, na ni vigumu kutaja mahali pengine vilipokutana.

Ibara ya III ya mkataba ndiyo inayosema unamhusu nani. Unawahusu mabaharia wa meli za baharini zinazopeperusha bendera ya nchi mwanachama, isipokuwa wale wanaotumikia vyombo vya aina nne: manowari na vyombo vingine vya serikali visivyofanya biashara, vyombo vya uvuvi, vyombo vya starehe visivyofanya biashara, na vyombo vya mbao vya muundo wa kijima. Kivumishi hicho cha mwisho kinastahili kutazamwa kwa makini, kwani mkataba wenyewe hauna fasili yake. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kukileta kwa njia zaidi ya moja. Akisema "wa kale", amekiweka chombo nyuma ya wakati. Akisema "wa kienyeji", amekipa mahali. Akisema "duni", amekihukumu. Na akisema "wa kijima", amekitia katika hatua ya maisha ya binadamu inayodhaniwa kuwa imekwisha kupita. Lakini achague neno lolote lile, kwa mtu wa Lamu, Pangani, Mkokotoni au Kilwa kinachotajwa ni kitu kimoja. Ni jahazi, mashua, dau na ngalawa. Ni chombo kilichofungwa gatini asubuhi ya leo.

Mhadhara huu unaifuata historia ya maneno hayo. Hoja yake ni kwamba mapengo yaliyomo katika viwango vya mafunzo ya usalama na ya kujiokoa majini yalikuwa mapengo ya lugha kabla hayajawa mapengo ya vifaa au ya fedha. Mkataba ulitenga watu kwa neno moja. Kisha uliwataja abiria wasiojua Kiingereza bila kuwapa neno hata moja. Baina ya matendo hayo mawili uliyapita maarifa mengi ambayo tayari yalikuwa yamewekwa akiba katika msamiati wa Waswahili.

Maarifa ndani ya msamiati

Lugha ya jahazi ni pana kuliko wanavyodhani wale wanaokijua Kiswahili cha mijini peke yake. Mwanaanthropolojia wa Kiholanzi, A. H. J. Prins, aliyeandika juu ya ubaharia wa Lamu katika kitabu chake cha 1965, Sailing from Lamu, alikusanya istilahi za kutosha kutoa kamusi nzima ya ubaharia wa Kiswahili, ambayo ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Kabla yake, Padre Charles Sacleux na Frederick Johnson walikuwa wamekwisha kuingiza maneno mengi ya chomboni katika kamusi zao za miaka ya 1930. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba maarifa haya hayakuandikwa. Yaliandikwa, ila yaliwekwa kwenye rafu ya isimu, na waandishi wa mitaala ya ubaharia hawana desturi ya kupita huko.

Asili za maneno zinasimulia mambo. Nahodha na serahangi yametoka katika Kiajemi, na la kwanza maana yake ni bwana wa chombo. Rubani na baharia ni ya Kiarabu. Tanga, upo, chelezo, kutweka na kutosa ni ya Kibantu. Yote yalikutana chomboni yakawa lugha moja ya kazi. Baadaye likaja kundi la pili: meli, ambalo ni neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa stima zilizozoeleka pwani ndizo zilizobeba barua, pamoja nalo stima yenyewe, manowari, deki na injini. Kundi hili la pili lilikuja na chombo cha chuma, na liliwaacha maneno ya kundi la kwanza yakitafuta kazi nyingine. Mengine yamefanikiwa sana. Rubani amehamia angani, nahodha ameingia kiwanja cha mpira, na usukani uko katika kila daladala. Ni nadra kwa msamiati wa kazi moja kutawanyika kwa heshima namna hiyo.

Yakipangwa pamoja maneno ya hatari ya lugha ya jahazi, jambo moja linajitokeza. Kuna kutua tanga upepo ukizidi, na kupunguza tanga kabla haujazidi. Kuna kulegeza demani ili tanga limwage upepo. Kuna kuteka maji ya ngama kwa upo, kazi ambayo methali inaikumbusha inaposema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kuna kutosa shehena, kuna kukata amari, na kuna kukipweleza chombo kwa kusudi pwani yenye mchanga pale ambapo njia nyingine zimekwisha. Vitenzi hivi vyote vina yambwa moja, nayo ni chombo au kitu kilichomo chomboni. Msamiati huu ni tajiri mno katika kukiokoa chombo, na ni maskini katika kukiacha. Hata mtu anayezama, lugha inamtazama kwa mbali: mfa maji haachi kutapatapa. Mkufunzi wa leo angeshangaa kusikia methali hiyo, kwa sababu kutotapatapa ndilo somo lake la kwanza.

Umaskini huo una sababu yake, wala si uzembe. Jahazi halikuwa na mashua za kuokolea watu wote. Mara nyingi lilikokota hori moja tu. Aidha, chombo cha mbao kikijaa maji au kikipinduka, mara nyingi mbao zake huendelea kuelea, na mwenye kukishikilia ana nafasi kubwa kuliko mwenye kuogelea. Kujiokoa na kukiokoa chombo yalikuwa jambo moja. Hata hivyo, si haki kuyapamba maarifa haya. Hayakuwa na cheti wala mtihani. Kijana aliyapata kwa kupika, kuteka maji na kukaripiwa kwa misimu kadhaa ya kaskazi na kusi, na walioshindwa kuyapata hawakurudi kueleza walipokosea. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja vyombo chungu nzima katika bandari ya Unguja, vyombo vilivyokuwa na manahodha wazoefu kabisa. Elimu ya tanga ilikuwa na mipaka. Ila ilikuwa elimu, na ilikuwa na lugha.

Njia iliyopita Titanic

Upande wa pili wa dunia, sheria za usalama baharini zilisukumwa na maafa, moja baada ya jingine. Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200, na mashua zake 20 zilikuwa na nafasi za watu 1,178. Zaidi ya 1,500 walikufa. Linalosahauliwa ni kwamba hata nafasi zile chache hazikujazwa: mashua ya kwanza iliteremshwa ikiwa na watu 28, ilhali ingeweza kubeba 65. Upungufu wa mashua unaweza kuhesabiwa kwa macho. Upungufu wa mazoezi hauonekani mpaka saa ifike. Mkataba wa kwanza wa Usalama wa Maisha Baharini, SOLAS, ulitiwa saini London mwezi Januari 1914, ukazimwa na vita kabla haujaanza kutumika, kisha ukaandikwa upya mwaka 1929, 1948, 1960 na 1974. Mikataba hiyo ilishughulika zaidi na chombo na vifaa vyake. Baharia mwenyewe alisubiri hadi 1978.

Katikati ya safari hiyo ndefu kuna tukio la Vita Kuu ya Pili ambalo lingepaswa kujulikana zaidi kwa wanafunzi wa utamaduni wa pwani. Meli za biashara za Uingereza zilikuwa zikizamishwa kwa makombora, na mabaharia wakibaki katika mashua za kuokolea katikati ya Atlantiki. Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel ya Liverpool, aliamini kwamba katika mashua hizo vijana walikuwa wakifa upesi kuliko wazee, na kwamba sababu yake ni kuwa wazee walijifunza kazi katika meli za matanga. Walijua upepo, walijua kungoja, walijua mashua ndogo inataka nini katika bahari kubwa. Vijana walijua stima. Mwaka 1941, pamoja na mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, Holt alianzisha shule huko Aberdovey, Wales, ya kuwarudishia vijana kile ambacho injini ilikuwa imewanyang'anya. Shule hiyo ndiyo mwanzo wa harakati ya Outward Bound, iliyoenea baadaye nchi nyingi, na Afrika Mashariki ikapata shule yake Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Kuna kejeli kidogo katika hilo: somo lililotolewa katika matanga lililetwa kwa watu wa matanga kwa njia ya kupanda mlima.

Tukio la Aberdovey linasaidia kuipima Ibara ya III. Mwaka 1941 elimu ya tanga ilitazamwa kama hazina ya kujiokoa, nayo ilitafutwa kwa gharama. Miaka 37 baadaye chombo kinachoitunza elimu hiyo kikaitwa cha kijima, na mabaharia wake wakawekwa nje ya mlango. Ni kweli kwamba waandishi wa mkataba hawakukusudia dharau. Walitaka kuepuka kuzibebesha nchi maskini mzigo wa kuwapa vyeti watu wa ngalawa. Lakini msamaha wa kisheria haubagui: unapomwondolea mtu wajibu, unamwondolea pia haki ya kufunzwa.

Kiwango chenyewe

Mkataba wa 1978 ulikuwa mlegevu. Ulitaja maarifa ambayo baharia anapaswa kuwa nayo, bila kueleza vipi ithibitike kwamba anayo. Marekebisho makubwa yalikuja mwaka 1995, baada ya misiba miwili ya Ulaya ya Kaskazini. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1990, meli ya abiria ya Scandinavian Star, iliyokuwa ikitoka Oslo kwenda Frederikshavn, iliwaka moto, na watu 159 walikufa. Ilikuwa imeingia katika njia ile siku chache tu kabla. Mabaharia wake wengi walikuwa Wareno, hawakuwa wamefanya mazoezi ya moto, na wengi wao hawakuwa na lugha ya kusemezana na abiria wao. Tarehe 28 Septemba 1994, Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki na kuua watu 852. Mkataba uliorekebishwa, ulioanza kutumika Februari 1997, ulileta masharti ambayo kila baharia mwenye wajibu wa usalama melini anayajua: mafunzo ya msingi yenye sehemu nne, yaani mbinu za kujiokoa, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii. Marekebisho ya Manila ya mwaka 2010 yaliongeza sharti la kuthibitisha upya uwezo huo kila baada ya miaka mitano.

Katika sehemu ya kujiokoa, mwanafunzi huonyesha kwa vitendo kwamba anaweza kuvaa jaketi la kuokolea, kuruka majini kutoka juu bila kujiumiza, kulipindua chelezo lililolala kifudifudi, kuogelea akiwa na jaketi, na kuelea bila jaketi. Neno chelezo limetumiwa hapa kwa makusudi. Limetokana na kitenzi elea, na kamusi za zamani zinalitaja kwa maana ya boya na kitu cha kuelea. Katika bandari za leo, hasa Mwanza, limehamia mahali pa kutengenezea meli, na kifaa cha kuokolea maisha kimebaki bila jina lililotulia. Magazeti huita vifaa hivi maboya, majaketi okozi, makoti ya kuokolea, wakati mwingine yote katika habari moja, na msomaji hana hakika kama linalosemwa ni vazi au ni duara la kushikilia.

Kiwango hiki kina thamani kubwa, na waliokipita wameokoa watu. Mapengo yake yako pembezoni. Kwa wavuvi ulitungwa mkataba wa peke yake, STCW-F, mwaka 1995 huo huo. Ulichukua miaka 17 kupata nchi za kutosha, ukaanza kutumika Septemba 2012, na hata hivyo umelenga zaidi vyombo vya mita 24 na kuendelea. Hakuna ngalawa ya mita 24. Kwa safari za ndani, SOLAS, inayohusu hasa safari za kimataifa, imeziachia nchi zenyewe ziamue. Na maziwa hayamo kabisa, kwa sababu mkataba unahusu meli za baharini.

Hapo lugha mbili zinaachana njia. Kiswahili hakijawahi kutofautisha. Mtu anayefanya kazi katika meli ya Mwanza huitwa baharia, ingawa hajaona bahari, na hakuna Mswahili anayecheka. Neno bahari limo ndani ya jina la kazi yake, na kazi yenyewe imo ziwani. Mkataba ulichora mstari pale ambapo wasemaji wa Kiswahili hawakuona mpaka, na Ziwa Victoria likabaki upande wa nje wa mstari huo.

Hewa iliyobaki ndani

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa na kibali cha kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haikuwezekana kwa kuwa orodha ya abiria haikuaminika. Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Meli ilibaki ikielea kwa tumbo, na waliosimama juu yake waliwasikia watu wakigonga kutoka ndani. Bamba la chuma likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikaenda chini.

Hakuna haja ya kuwalaumu waliotoboa. Walikuwa wakijibu mlio wa binadamu kwa kifaa walichokuwa nacho. Lakini kanuni kwamba chombo kilichopinduka kinaelea kwa hewa iliyofungika, na kwamba hewa hiyo ndiyo uhai wa waliomo, ni elimu ya kujiokoa ya hatua ya awali. Ni kanuni ile ile inayolifanya jahazi lililopinduka lishikiliwe lisiachwe, ila mahali pa hewa ni penye mbao. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wilayani Ukerewe, na watu 228 wakafa. Siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi walimtoa akiwa hai fundi mitambo mmoja aliyekuwa amekaa ndani ya hewa iliyobaki. Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja vinaeleza kuliko ripoti nyingi.

Kuhusu MV Nyerere, Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo chomboni, na usukani ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakufunzwa. Taarifa za siku zile zilieleza pia kwamba kivuko kililala pale abiria walipohamia upande mmoja kikikaribia gati. Sheria wakati huo zilikuwapo. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2003, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuwa chuo kamili tangu 1991. Pengo lililokuwa wazi kwenye karatasi mwaka 1996 lilikuwa limezibwa kwa sehemu kubwa, kwenye karatasi.

Baharini mambo hayakuwa mepesi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na kibali cha abiria wapatao 600, na uchunguzi uliofuata ulihesabu zaidi ya 2,000. Wengi waliopona walikuwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa shehena. Miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwa wavuvi wa Nungwi na vyombo vyao vya mbao. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, iliyoundwa Marekani kwa ajili ya njia za Jimbo la Washington, ilipinduka karibu na Chumbe. Katika mkasa wa Nungwi watu waliotengwa na Ibara ya III, mara mbili, kwa uvuvi wao na kwa mbao zao, ndio walioingia majini kuwatoa watu wa meli ya chuma. Hakuna kifungu cha mkataba kilichowataka wafunzwe kufanya hivyo.

Maneno ya dakika ya kwanza

Somo la Scandinavian Star liliingia katika kanuni za 1995 kwa namna ambayo wanaisimu wanapaswa kuijua. Baharia anayewahudumia abiria anatakiwa aweze kuwasiliana nao wakati wa hatari, kwa kuzingatia lugha za abiria walio wengi katika njia husika. Kisha uwezekano wa kutumia Kiingereza cha msingi. Kisha njia nyingine, kama vile kuonyesha kwa vitendo au ishara za mikono. Mwaka 2001 IMO ilipitisha, kwa Azimio A.918(22), misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, na ndani yake mna fungu zima la maneno ya kuwaambia abiria: vaeni jaketi, nendeni kituo cha kukusanyikia, fuateni baharia huyu. Misemo hiyo ni ya Kiingereza. Kati ya Unguja na Pemba, au kati ya Bugorora na Ukara, lugha ya abiria walio wengi haihitaji utafiti. Mkataba umeitaja lugha hiyo pasipo jina, na haukuipa maneno.

Si hoja ya kukikataa Kiingereza. Afisa wa meli anahitaji kusoma ramani, kuzungumza na meli nyingine na kuajiriwa popote duniani, na mkataba una haki ya kumtaka Kiingereza. Tatizo liko kwa yule wa chini yake, na kwa abiria. Mafunzo ya vyuoni hutolewa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyejifunza amri kwa lugha moja atalazimika, usiku na katika kelele, kuitafsiri papo hapo kwa lugha nyingine. Kila mwenye kufundisha tafsiri anajua kwamba papo hapo ni mahali pabaya pa kutafsiri.

Amri ya kukiacha chombo inatosha kuonyesha ugumu wenyewe. "Shukeni" ni neno la gatini; abiria akilisikia hutafuta mzigo wake. "Tokeni nje" laweza kuwavuta watu wa deki ya chini wote kwenye mlango mmoja, na mlango huo ukawa upande uliolala. "Rukeni" laweza kutiiwa kabla jaketi halijafungwa. "Hameni meli" ni safi kisarufi, lakini kuhama kwa kawaida ni kwa nyumba na kunachukua siku nzima. Msamiati wa jahazi, kama ilivyoelezwa, hautoi jibu tayari, kwa sababu haukuwahi kuhitaji amri hiyo. Hapa istilahi inabidi itungwe, ijaribiwe kwa watu, na irudiwe mpaka izoeleke, kama zilivyozoeleka amri za gwaride.

Lakini kwa amri nyingine, ile ya kuzuia chombo kisilale zaidi, msamiati huo una la kutoa. Kiswahili cha kawaida husema "tulieni", neno ambalo abiria wamelisikia mara nyingi mno likiwa na maana ya kunyamaza na kuacha kulalamika. Halimwambii mtu asisogee, wala halimwambii kwa nini. Mabaharia wa tanga walikuwa na lugha sahihi zaidi ya uzito: walizitaja pande za chombo kwa upepo, joshi upande unakotoka na demani upande unakoelekea, na walijua kwamba mwili wa mtu ni sehemu ya farumi. Katika ngalawa mwenye kusogea vibaya hukilaza chombo, na mwenye kusogea vizuri hukiinua.

Mvuvi wa ngalawa huhamia joshini kabla hajaambiwa. Abiria wa deki ya chini, usiku, akiwa na mtoto mgongoni, hana njia ya kujua chombo kinalalia wapi. Ana sekunde chache na sauti ya baharia mmoja, na kiwango cha kimataifa kimeiachia sauti hiyo ichague maneno yake yenyewe.